Kufilisika Texas: orodha ya jimbo au ya serikali kuu, ipi inaniachia mali zaidi?

FundiBomba
Wakuu, madeni ya kadi yamenishinda, nataka kufungua faili la kufilisika, Sura ya 7 (mali isiyokingwa inauzwa kulipa wadai, madeni yanayobaki yanafutwa). Niko Texas mwaka wa sita, nimepanga nyumba, sina familia. Nina gari la dola 14,000 lisilo na mkopo, vifaa vya kazi vya 3,000, akiba benki 6,000 na kiwanja Afrika Mashariki cha kama 9,000. Nasikia Texas unaruhusiwa kuchagua orodha ya mali zinazokingwa. Nichukue ipi?

Mzoefu
Unachagua moja nzima, huwezi kudonoa huku na huku. Ya Texas inakinga mali binafsi hadi 50,000 kwa asiye na familia. Gari na vifaa vinaingia humo vizuri tu. Ila akiba ya benki haimo, wala kiwanja chako. Sifa kubwa ya Texas ni nyumba ya kuishi: mjini inakingwa kwa thamani yote, mradi eneo lisizidi ekari 10. Wewe mpangaji, hiyo haikuhusu.

HesabuKwanza
Ya serikali kuu, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025: gari 5,025, vifaa vya kazi 3,175. Halafu kuna fungu huru unaloliweka kwenye mali yoyote: 1,675, na usipotumia kinga ya nyumba unaongezewa hadi 15,800. Jumla 17,475. Gari likila 8,975 na akiba 6,000, zinabaki 2,500 za kiwanja. Kinachobaki wazi, bila kinga, ni 6,500. Kwa orodha ya Texas zingebaki wazi 15,000. Mimi ningechukua ya serikali kuu bila kufikiri mara mbili.

DadaWaHouston
Na sisi wenye nyumba?

Mzoefu
Dada, mara nyingi Texas. Lakini kama umeinunua ndani ya siku 1,215 kabla ya faili, kinga ina kikomo cha 214,000. Na kinga haifuti mkopo wa nyumba, rejesho unaendelea kulipa.

Mpitaji
Kiwanja kiko ng'ambo, nani atakiona? Mwandikishie kaka yako yaishe.

HesabuKwanza
Usimponze mwenzio. Fomu inataka mali popote ilipo duniani, na unaijaza chini ya kiapo. Ukihamisha mali kwa nia ya kuwakwepa wadai ndani ya mwaka mmoja kabla ya faili, unaweza kunyimwa kufutiwa madeni yote, kwa kiwanja cha 9,000! Kitaje. Wakati mwingine mfilisi, yaani anayesimamia na kuuza mali yako, hukubali ulipe kiasi fulani kubaki nacho, maana kuuza ardhi ya mbali ni usumbufu kwake.

Mzoefu
Asipokubali, kuna Sura ya 13: hakuna kinachouzwa, unalipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Wadai wa kadi lazima wapate angalau kile ambacho Sura ya 7 ingewapa. 6,500 kwa miezi 60 ni kama 108 kwa mwezi, bado gharama za msimamizi wa mpango na wakili, na kipato kikiwa kizuri utatakiwa zaidi.

FundiBomba
Asanteni sana. Nina pia 401(k), akiba ya kustaafu, ya kazi ya zamani. Niitoe nipunguze kadi?

HesabuKwanza
Usiiguse mkuu! Ikiwa humo imekingwa kwa orodha zote mbili. Ukiitoa inakuwa fedha ya kawaida, na kodi juu.