Dhoruba ya theluji ikiukuta msafara mlimani: tukae au tushuke?

Binti Kilele aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimejiandikisha katika msafara wenye kiongozi unaokwenda kwenye kilele cha zaidi ya mita 6,000, ambao una barafuto (mto wa barafu) ndefu ya kuvuka na kambi tatu kabla ya siku ya kilele. Nimekwisha kupanda milima ya theluji iliyo mifupi kuliko huo, nikiwa nimefungwa kamba pamoja na wenzangu, kwa hiyo matumizi ya shoka la barafu na vyuma vya viatuni si mageni kwangu. Kinachonisumbua ni dhoruba. Nilipomwuliza mratibu wa safari hali ikichafuka tutafanya nini, alinijibu kwa maneno mawili tu: "Kiongozi ataamua."

Sipingi kwamba uamuzi ni wa kiongozi. Ninachotaka kufahamu ni mambo anayoyatazama anapoamua, na hasa hili moja: theluji ikianza kuvurumishwa na upepo hata njia isionekane, je, msafara ujichimbie pale pale ulipo au ushuke? Katika habari za ajali nilizozisoma, wako waliokufa kwa kukaa na wako waliokufa kwa kutembea, na kila mara wachambuzi husema walipaswa kufanya kinyume chake. Tena, mteja ana wajibu gani zaidi ya kutii?

Kamba Ndefu alijibu:

Ndugu, kazi yangu ni kuongoza wateja milimani, na swali lako ndilo ninalotamani kila mteja aniulize kabla hajalipa. Jibu linategemea zaidi mahali mlipo kuliko ukali wa dhoruba yenyewe. Mkiwa kambini, penye mahema yaliyofungwa sawasawa, chakula, na gesi ya kuyeyushia theluji ili mpate maji, mnakaa, hata kama ni siku nne na watu wamechoka kutazamana. Mkiwa juu ya kambi ya mwisho siku ya kilele, hakuna cha "kukaa", kwa sababu siku hiyo watu huwa wameacha chini hema, jiko na mifuko ya kulalia ili wawe wepesi. Hapo njia salama ni moja tu, nayo ni kuwa mmekwisha kugeuka kabla dhoruba haijafika.

Ndiyo maana kiongozi mzuri huamua mapema, wakati kila mtu bado anaiona dira yake. Siku hizi tunapokea utabiri kwa simu ya setilaiti, na kule Denali, mlima wa Alaska, Marekani, utabiri husomwa redioni kila jioni kwa kambi zote, lakini utabiri hausemi ni saa ngapi hasa wingu litalikumba bega la mlima ulilosimama. Kwa hilo ninaitegemea altimita, kifaa kinachokadiria mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa. Ukilala kambini na asubuhi altimita ikakuambia kwamba umepanda mita 40 au 50 usingizini, mlima haukukua. Mgandamizo wa hewa ndio umeshuka, na hali mbaya iko njiani. Nikiona hivyo, halafu wingu lenye umbo la sahani limekaa juu ya kilele na upepo umebadili upande, huwa sibishani na mtu. Wateja hulisahau jambo jingine pia: mgandamizo ukishuka, hewa unayovuta inakuwa nyembamba zaidi, kwa hiyo dhoruba inamdhoofisha mpandaji aliye juu sana hata kabla upepo haujamgusa.

Kisha kuna saa ya kugeuka. Mfano ambao kila kiongozi ameusoma ni wa Everest, tarehe 10 Mei 1996, siku ambayo misafara miwili ya wateja, mmoja wa Rob Hall na mwingine wa Scott Fischer, ilikuwa kwenye njia ya kusini kwa wakati mmoja. Kamba hazikuwa zimefungwa mapema sehemu za juu, watu wakapanga foleni, saa nane mchana iliyokuwa imezungumzwa kuwa mwisho wa kupanda ikapita, na bado watu waliendelea kufika kileleni. Doug Hansen, mteja wa Hall, alifika baada ya saa kumi. Mwaka uliotangulia Hall mwenyewe alikuwa amemgeuza mteja huyo huyo karibu na kilele, na sidhani kama unahitaji kuwa kiongozi ili uelewe ugumu wa kumgeuza mtu yule yule mara ya pili. Dhoruba ilipoingia jioni, Hall na Hansen hawakurudi, Fischer naye hakurudi, na kundi jingine lilizunguka gizani kwenye uwanda wa South Col, karibu mita 7,900 juu, likishindwa kuyaona mahema yaliyokuwa umbali mfupi tu. Mawingu yalipofunguka kidogo usiku, wachache waliitambua njia, na Anatoli Boukreev, kiongozi msaidizi wa Fischer, akatoka peke yake akawaleta watatu. Dhoruba hiyo iliua watu wanane katika pande mbili za mlima.

Mimi hutamka saa ya kugeuka ndani ya hema usiku wa kuamkia kilele, kila mteja akisikia, na humpa msaidizi wangu mamlaka ya kumgeuza mtu yeyote bila kuniuliza. Saa iliyobaki kichwani mwa kiongozi peke yake huwa inasogezwa.

Sepetu alijibu:

Kamba Ndefu ameyamaliza ya siku ya kilele, lakini ameipita haraka mno kambi, na misafara mingi hupambana na dhoruba kambini kuliko mahali pengine popote. Kukaa ndani ya hema wakati wa dhoruba si kupumzika. Theluji inayopeperushwa hujazana upande uliokingwa na upepo, inausukuma ukuta wa hema taratibu mpaka unamgusa aliyelala, na nguzo zikipinda kupita kiasi zinavunjika. Kwa hiyo watu hutoka kwa zamu, usiku kucha ikibidi, kuifukua. Sepetu hulazwa ndani ya hema, kwa sababu iliyoachwa nje ikifukiwa, mtabaki kufukua kwa sufuria. Anayetoka kujisaidia hufungwa kamba ambayo mwenzake ameishika mlangoni. Wageni huicheka kamba hiyo hadi usiku wanapotoka na kuona kwamba taa ya kichwani inamulika theluji tupu na hema lililo hatua nne nyuma halipo tena.

Kwenye kambi kubwa ya Denali, ile iliyo mita 4,300 hivi, utakuta watu wanakata matofali ya theluji kwa msumeno na kujenga kuta kuzunguka mahema hata siku ya jua kali. Mteja anayelalamika kwamba hakulipa ili awe fundi wa ujenzi atazishukuru kuta hizo upepo ukianza.

Hatari ambayo haina kelele ni jiko. Hema lililofukiwa halipitishi hewa, na jiko linalowaka humo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo dalili zake za kichwa kuuma na kichefuchefu zinafanana sana na zile za ugonjwa wa mwinuko, kiasi kwamba mtu anameza dawa badala ya kufungua mlango. Pango la theluji nalo ni vivyo hivyo: mlango uchimbwe chini ya usawa wa pa kulala ili hewa baridi itelemke, na tundu la hewa juu lizibuliwe mara kwa mara kwa fimbo. Pango lililochimbwa vizuri hubaki karibu na nyuzi sifuri hata nje kukiwa na baridi ya kuua, na ndani yake husikii upepo kabisa.

Dira Mkononi alijibu:

Naomba niwapinge kidogo wote wawili, kwa sababu mmesema "kaeni" kana kwamba pa kukaa huwa pamekwisha kuandaliwa. Mwezi Mei 1986, kundi la wanafunzi na watu wazima lililokuwa na kiongozi wa kukodiwa lilikwama kwenye mlima Hood, Marekani, ambao haufiki hata mita 3,500. Watu 13 walijibanza katika pango la theluji lililokuwa dogo mno kwao. Wawili, kiongozi akiwa mmojawapo, walitoka kutafuta msaada wakafika salama. Kati ya 11 waliobaki, 9 walifariki, na waokoaji walipolipata pango hilo lilikuwa limefukiwa. Mwaka 1974, kwenye kilele cha Lenin katika milima ya Pamir, Asia ya Kati, wanawake wanane wa Kisovieti walioongozwa na Elvira Shatayeva walipiga mahema juu kabisa, upepo ukayararua, na wote wanane wakafa ingawa walikuwa wapandaji hodari na walikuwa wakizungumza na kambi ya chini kwa redio.

Hata hivyo, kutembea bila maandalizi hakukuwasaidia wale wa Pigne d'Arolla, Uswisi, Aprili 2018. Walikuwa wakivuka kwa skii, dhoruba ikawakuta wakielekea kibandani, wakazunguka hadi giza likawafunga, wakalala nje. Saba walikufa, kiongozi wao akiwamo, na kibanda kilikuwa umbali wa mita mia kadhaa tu.

Kwa hiyo mimi huulizia jambo jingine kwanza: je, msafara huu unaweza kutembea bila kuona? Weupe ukitanda, mbingu na ardhi zikawa rangi moja, ni kama umefungiwa ndani ya yai. Hujui kama unapanda au unashuka, na watu huanguka wakiwa wamesimama. Katika hali hiyo anayetangulia hawezi kuongoza, kwa sababu hana kitu cha kulenga. Anayeongoza ni yule wa pili au wa tatu kwenye kamba, mwenye dira mkononi, ambaye anamtazama wa mbele na kumpigia kelele "kushoto, kushoto, nenda", huku wa mwisho akihesabu hatua. Na kabla ya hapo, wakati wa kupanda hewa ikiwa safi, msafara huwa umechomeka fito za mianzi zenye vitambaa kwa nafasi isiyozidi urefu wa kamba, ili wa mbele afikie ufito unaofuata kabla wa mwisho hajauacha uliotangulia. GPS ninaitumia, lakini betri hufa kwenye baridi, na kifaa kinachokaa mfuko wa nje kitakuangusha siku unapokihitaji. Kiwekwe kifuani, ndani ya nguo.

Msafara ambao haujachomeka fito na haujaandika vipimo vya dira vya kurudia umeshajinyima uwezo wa kushuka, hata kama kiongozi wake angependa kushuka.

Binti Kilele aliandika tena:

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika kabla ya upepo. Mmezungumza zaidi juu ya kiongozi, nami ningependa kurudi kwa mteja. Nikianza kuzidiwa na baridi katikati ya dhoruba, niseme wakati gani? Naogopa kuwachelewesha wengine kwa malalamiko madogo, na pia naogopa kunyamaza.

Tabibu wa Mwinuko alijibu:

Sema vidole vinapoanza kufa ganzi. Usingoje hadi viwe vyeupe na vigumu. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo ukiwa wa kilomita 60 kwa saa, huipoza ngozi iliyo wazi kama ambavyo hewa tulivu ya nyuzi 36 chini ya sifuri ingeipoza, na glavu ikivuliwa kidogo tu ili kufunga kamba ya kiatu hasara inaweza kuwa ya kudumu. Kusimama kwa muda mfupi ili uweke mkono kwapani ni ucheleweshaji mdogo. Mteja asiyeweza kushika kamba mwenyewe ndiye anayeuchelewesha msafara mzima.

Kiungo kikishaganda kabisa, kisiyeyushwe mlimani ikiwa kuna uwezekano wa kuganda tena kabla ya kufika chini, kwa sababu madhara ya mara ya pili ni mabaya zaidi. Afadhali mtu ashuke kwa mguu ulioganda.

Kuna hali ambayo mteja hawezi kuisema mwenyewe, na hapo ndipo mwenzake wa kamba anapohitajika. Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Akiacha kutetemeka huku hajapata joto, akaanza kujikwaa, kudondosha vitu, kujibu kwa maneno yanayovutika, au kusema kwamba yuko sawa kabisa na anataka tu kuketi, joto la mwili wake limeshuka kiasi cha kuharibu akili. Usiamini neno lake. Mkubaliane mapema kwamba kila nusu saa mtaulizana swali linalohitaji kufikiri, kwa mfano kutoa saba kutoka mia, na atakayekosea aripotiwe kwa kiongozi hata akikasirika. Huwa wanakasirika sana.

Kamba Ndefu aliandika tena:

Nakubaliana na Dira Mkononi kuhusu fito. Nilichukulia kwamba zipo, na si haki kuchukulia hivyo kwa kila kampuni.

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa. Dhoruba ikiisha, anga linakuwa la buluu, wateja wana hamu na chakula kimepungua, na huo ndio wakati ambao shinikizo la kuondoka ni kubwa kuliko wakati wowote. Theluji mpya ambayo upepo umeirundika kwenye miteremko iliyokingwa bado haijashikamana na ile ya chini, na miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Kwa kawaida siku ya kwanza na ya pili baada ya theluji nyingi ndizo za kuogopwa. Kiongozi wako akisema mnakaa siku moja zaidi chini ya jua zuri, na misafara mingine ikawapita ikipanda, msaidie kuwatuliza wenzako.

Kuhusu mratibu aliyekujibu kwa maneno mawili, mwandikie tena. Mwulize saa ya kugeuka ni ngapi na nani mwingine ana mamlaka ya kuitekeleza. Kiongozi mmoja atakuwa na wateja wangapi siku ya kilele. Ni siku ngapi za akiba zimewekwa kwa ajili ya hali mbaya, na gesi na chakula cha siku hizo kitakuwa kambi ipi. Mwulize pia kama fito zitachomekwa na nani atazibeba. Akikujibu hilo la mwisho bila kuuliza "fito gani?", lipa.