Naombeni ushauri: kadi ya Costco au Sam's Club kwa familia ya watu watatu, inalipa?

Mgeni wa Ohio:
Wakuu, habari za jioni. Tuko Columbus, Ohio: mimi, mke wangu na mtoto ambaye bado anavaa pampasi. Nyumba ni ya kupanga, friza yetu ni ile ndogo ya juu ya friji. Kazini kila mtu ananiambia nichukue kadi ya uanachama ya haya maduka makubwa ya kununua vitu kwa wingi, maana bila kadi hununui. Costco ni dola 65 kwa mwaka, na kadi yao ya daraja la juu, Executive, ni 130. Sam's Club ni 50, na ya juu, Plus, ni 110. Sisi chakula chetu ni wali, chapati, maharage, kuku na mboga za majani. Mke anasema tutalipa ada halafu vitu vituozee ndani. Mimi naona pampasi peke yake zitarudisha hela. Wenye uzoefu nisaidieni, maana kila dola tunayookoa huku kuna mtu nyumbani anaisubiri.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, msikilize mkeo, ila hesabu mfanye pamoja. Kwenye kibandiko cha bei kuna maandishi madogo ya bei kwa aunsi, paundi au kipande. Angalia hayo, ile namba kubwa iache. Andika vitu mnavyomaliza kila mwezi na bei zake hapo mnaponunua sasa. Kisha mwombe mwenye kadi muingie naye. Costco inamruhusu kuingia na wageni wawili, ila kulipa atalipa yeye. Ada ya 65 ni kama dola 5 na senti 42 kwa mwezi. Mkiona tofauti haivuki hapo, bakini mlipo.

Mfuko wa unga wa paundi 25 ni zaidi ya kilo 11. Ukifika nao, umimine kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, usikunje tu mdomo wa mfuko, wadudu hawachelewi. Siku ya kununua kuku ndiyo siku ya kazi: kata, gawa mlo mmoja mmoja kwenye vifuko, vilaze bapa vigande, halafu visimamishe kama vitabu kwenye rafu. Friza ndogo utashangaa inavyobeba. Mboga za majani huko usiguse, kwa watu watatu zinaoza.

Kasuku wa Tanga:
Executive achana nayo kwanza. Inarudisha 2% ya manunuzi yenu, na petroli haihesabiwi. Kufidia zile 65 za ziada lazima mtumie dola 3,250 kwa mwaka, karibu 271 kila mwezi. Pia Costco za Marekani, kwa kadi za mkopo, zinapokea Visa tu. Debiti na taslimu sawa. Ukitoka mlangoni wanaangalia risiti ya kila mtu, usione umeshukiwa.

Wanjiru MN:
Sisi hapa Minnesota tunanunua familia mbili. Mmoja ana kadi, mizani inawekwa mezani, mchele na nyama tunapima na pesa inatumwa papo hapo kwa simu, kwa sababu deni dogo la mchele huvunja urafiki. Lakini kadi yenyewe haiazimwi, ina picha yako. Mkeo atapewa yake bure kwa kuwa mnaishi anwani moja, msilipe mara mbili. Na dawa za cheti cha daktari pale Costco mnaweza kununua bila uanachama.

Mgeni wa Ohio:
Shikamoo Mama Wawili, na asanteni wote. Mke amesoma, amekubali tupime kwanza pampasi, mchele na mafuta. Tukichukua halafu isilipe, hela imeliwa?

Kasuku wa Tanga:
Hapana. Costco ukisema hujaridhika na uanachama wanaufuta na kurudisha ada yote. Nenda kaunta ya wanachama na kadi zote mbili.

Mama Wawili:
Marahaba mwanangu. Pampasi nunueni boksi moja tu kwa wakati, mtoto anabadilisha saizi kabla hamjamaliza la pili.