Prius ya mtumba yenye kuongea na mataa, itasaidia Nairobi?

Mkaazi wa Roysambu: Wadau, nimeona Prius kwa yadi moja Ngong Road, muuzaji anasema ina ITS Connect, eti inaongea na mataa na magari zingine inakuonya kabla ufike junction, ndio maana ameweka bei juu. Hapa Nairobi itanisaidia kweli? Na mataa za kisasa zikiwekwa, itaongea nazo?

fundi_mitambo: Usiongeze hata shilingi. Japani walianza huo mfumo 2015, unataka mtambo kwa mlingoti pale junction wa kurusha habari za taa, na unatumia masafa ya redio ya megahazi 760. Marekani na Ulaya wako gigahazi 5.9. Sasa Kenya ikifuata hao wengine, gari yako itapita chini ya mlingoti na isisikie kitu, na magari mengi hapa ni mitumba ya Japani, hiyo lazima wakubwa waifikirie kabla ya kununua mitambo. Chenye kitakufaa leo ni ile breki inajishika yenyewe, hiyo inatumia kamera na rada ya gari, haingojei barabara.

Dere wa Thika Road: Na afande je? Taa ni nyekundu anakupungia upite, ikiwa kijani anakuinulia mkono. Mlingoti utakuwa unaambia magari kijani imebaki sekunde kadhaa na mwenyewe amesimama mbele ya boneti. Gari ikiamini hiyo habari kuna mtu ataumia.

fundi_mitambo: Dere umegonga penyewe. Habari inatoka kwa lile kabati linaloendesha taa, kwa hivyo afande akitaka kuruhusu upande fulani abadilishe taa kutoka hapo kwa kabati, asipunge mkono tu, ndio mlingoti utangaze ukweli.

Mama Shiro: Mnaongea magari tu, na sisi tunaovuka na watoto Mombasa Road? Sina mtambo wowote mwilini, na nduthi pia hana.

fundi_mitambo: Mama, hapo ndio mlingoti una maana kuliko kitu kingine. Ukiwekwa kamera na rada unakuona ukishuka kwa lami, halafu unaambia magari yenye antena yaliyo karibu kuna mtu anavuka, hata dereva aliyezibwa na basi anapata onyo. Mimi pesa ningeanzia hapo, kwa milingoti ya vivuko, magari yenye antena yaongezeke baadaye.

Mkaazi wa Roysambu: Shukran sana. Wacha nimuulize kama hiyo breki inafanya, na kama kioo cha mbele kimewahi badilishwa, maana kamera iko hapo juu.

fundi_mitambo: Kama kilibadilishwa, kamera ipimwe upya kabla hujalipa.