Kibanio changu kinafanana na cha Marekani chenye hataza: nitengeneze au niache?

VyumaKibuye (Kisumu)

Wakuu, hamjambo. Nina karakana ndogo hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye: mashine moja ya kukereza na mbili za milingi, moja ikiwa ya kompyuta niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kinachonilisha ni bodi za pampu, yaani maganda yake ya nje, za mashamba ya mpunga upande wa Ahero. Mteja huzileta zikiwa zimetoka kalibuni, alumini mbichi, nami nasawazisha uso, natoboa na kukata hesi.

Shida yangu miaka yote ni kushika. Bodi ya pampu haina ubavu hata mmoja ulionyooka. Ukiibana kwa vaisi ya kawaida inanyanyuka upande mmoja, kidogo sana, huoni kwa macho. Ukishalegeza, uso umepinda na pampu itavuja. Kuna wiki nilitupa bodi saba, na alumini ile si yangu, ni ya mteja. Nililipa.

Mwaka jana nilipata vibanio vinne vidogo kwenye vifaa vya mitumba. Ukizungusha kamu (gurudumu lisilo duara kamili) inasukuma kabari, na kabari inaivuta kazi chini huku ikiibana. Tangu hapo sijatupa bodi. Lakini ninahitaji kumi na sita ili nifunge bodi nne kwa mpigo, na kuagiza vipya, ukijumlisha usafiri na ushuru, kunameza faida ya miezi miwili. Nimevipima, nimevichora, chuma cha EN24 ninacho. Nimeongeza na kitu changu mwenyewe: mkono mmoja chini ya sahani ya chuma unaolegeza vibanio vyote kwa pamoja. Picha yake nimeweka hapo chini.

Sasa, ubavuni mwa kila kibanio kuna neno "Pat.", yaani hataza, haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine, na namba mbili za Marekani. Muuzaji mmoja wa vifaa aliniambia nikivigusa nitafungwa. Nataka kujua: naweza kuvitengeneza kwa matumizi yangu tu? Karakana moja ya Nakuru inataka seti tano, naweza kuwauzia? Na binamu yangu aliye Texas anasema nimtumie huko auze. Nina vijana watatu wanaonitegemea. Sitaki kula jasho la mtu, lakini pia sitaki kuacha kazi kwa woga usio na msingi.

KerezaNakuru

Ndugu, tengeneza. Jua kali yote imejengwa kwa kutazama na kutengeneza. Hataza ya Marekani ni ya Marekani, haifiki Kibuye wala Nakuru. Na kama ni matumizi yako mwenyewe hakuna anayekuuliza kitu. Huyo muuzaji anataka ununue kwake.

WakiliKakamega

KerezaNakuru, ndugu yangu, nusu ya ulichosema ni kweli na nusu itamponza mwenzetu, kwa hiyo niruhusu nitenganishe. (Haya ni maelezo ya jumla. Kabla ya kuuza, keti na wakili mwenye faili mbele yake.)

Ni kweli hataza ina mipaka ya nchi. Namba ya Marekani peke yake haimpi mwenyewe haki yoyote Kenya. Lakini mvumbuzi yule yule anaweza kuwa aliomba pia hapa, kwa njia tatu: moja kwa moja KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya), kupitia ARIPO (shirika la hataza la nchi za Afrika) ya Harare akiitaja Kenya, au kupitia PCT, mkataba wa kimataifa wa kuomba hataza nchi nyingi kwa ombi moja. Hataza ya ARIPO iliyotaja Kenya ina nguvu hapa sawa na ya KIPI. Msidhani ni mambo ya dawa na simu tu. Pipa la taka la kukanyaga kwa mguu, la vyoo vya wanawake, lilikuwa na hataza ya ARIPO, na kesi yake kati ya Sanitam na Rentokil ilifika Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikaamuliwa 2006. Pipa tu. Kibanio cha chuma hakishindwi.

Kosa la pili ni hilo la "matumizi yangu tu". Chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, mwenye hataza anaweza kuzuia kutengeneza na kutumia, si kuuza pekee. Sheria inawaachia wanaofanya mambo yasiyo ya biashara, kwa mfano utafiti wa kisayansi. Karakana inayolipwa kwa kila bodi ni biashara, hata kama kibanio hakitoki nje ya mlango wako. Marekani ni vilevile: kutengeneza na kutumia bila ruhusa kunatosha kuwa uvunjaji.

Vile vinne ulivyonunua usiviogope. Mwenye hataza akishauza kifaa chake, iwe Kenya au nchi nyingine, sheria yetu haimruhusu kukifuata kifaa hicho tena. Kitumie, kiuze, badilisha springi iliyochoka.

Texas hapana, kwa sasa. Kuingiza na kuuza Marekani kitu chenye hataza hai ya Marekani ni uvunjaji huko huko, na atakayeitwa kwanza ni binamu yako.

MwalimuWaWarsha (Eldoret)

Kaka, kabla ya kubishana, zisome hizo namba. Mimi hufundisha wanafunzi wangu hivi na huwachukua saa moja. Google Patents na Espacenet ni bure, unaingiza namba tu.

Tazama tarehe ya kuwasilishwa kwanza. Hataza huishi miaka 20 tangu tarehe hiyo, hapa na Marekani. Ikiwa iliwasilishwa 2002, imekwisha, na kilichoandikwa ndani ni cha watu wote. Halafu tazama kama bado inalipiwa. Kwetu ada ni ya kila mwaka. Marekani hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa, na asiyelipa hataza yake hufa mapema. Neno "hai" unaloliona Google ni makisio ya kompyuta, wenyewe wanasema hivyo, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya ofisi ya hataza ya Marekani.

Kisha, nakuomba sana, usisome michoro ukadhani ndiyo hataza. Michoro inaonyesha mashine nzima, hata sehemu ambazo babu zetu walizijua. Kinacholindwa ni madai, yale yenye namba mwishoni. Chukua dai la 1, likatekate kitu kimoja kimoja, weka alama mbele ya kila kitu ambacho chako kinacho. Ili uvunje dai hilo lazima uwe na vyote. Ukikosa kimoja kwa kweli, uko nje ya dai lile na ya yote yanayolitegemea. Fanya hivyo pia kwa madai mengine yanayosimama peke yake. Nasema "kwa kweli" kwa sababu ukitoa boliti ukaweka pini inayofanya kazi ile ile kwa namna ile ile, mahakama za Marekani zinaweza kusema ni kitu kile kile.

Wazo la taya kuvuta kazi chini zikibana si geni. Vaisi za AngLock za Kurt, kampuni ya Minneapolis, zimefanya hivyo kwa miongo mingi. Kwa hiyo hataza yoyote ya juzi lazima iwe imeshikilia kitu chembamba zaidi ya "kuvuta chini". Kitafute hicho.

MzeeWaSpana (Muhoroni)

Mwanangu, nimekaa karakana ya kiwanda cha sukari miaka 31. Sheria nawaachia wenyewe. Ninachokuuliza ni hiki: kwa nini unaibana bodi kwa ubavu?

Bodi ya pampu ina masikio ya boliti, vile vipande vinavyotokeza pembeni vyenye tundu. Weka pini tatu chini, mbili ubavuni, moja mwishoni. Chungu kwenye mafiga matatu hakitikisiki hata ardhi ikiwa mbaya, na bodi iliyotoka kalibuni ni hiyo ardhi mbaya. Ukiweka pini ya nne umeharibu, itacheza. Kisha bana kwa vipande vya chuma juu ya masikio, kila kimoja kikishuka moja kwa moja juu ya pini yake, ili nguvu ipite kwenye pini na isiipinde bodi. Wewe umekuwa ukibana pasipo na kitu chini, ndiyo maana ikilegea inarudi na uso unapinda. Njia hii ilikuwepo kabla sijazaliwa, hakuna wa kuidai. Huenda hivyo vibanio huvihitaji kabisa kwa kazi hii.

VyumaKibuye

Jaduong' (mzee wetu), asante sana. Nimekaa na maneno yako usiku mzima. Jana nilichoma pini tatu kwenye sahani ya zamani nikajaribu bodi mbili. Nikaweka saa ya kupimia (dial) juu ya uso baada ya kulegeza: sindano haikufika alama mbili. Nimeona aibu na nimefurahi kwa pamoja.

Mwalimu, nimesoma. Namba ya kwanza iliwasilishwa 2001, imekwisha. Hiyo ndiyo kamu na kabari yenyewe. Ya pili ni ya 2015, imelipiwa. Dai la 1 linataka vitu vitano pamoja, na viwili ni springi ya kurudisha kabari na mfereji wa kutolea mavumbi ya chuma chini yake. Mchoro wangu hauna mfereji, na kabari yangu inarudishwa na boliti. Dai jingine linalosimama peke yake linautaja mfereji huo huo. Espacenet inaonyesha familia yake, yaani nchi ulikoombewa uvumbuzi huo huo: Marekani na Ulaya. KE (Kenya) haipo, AP (ARIPO) haipo.

WakiliKakamega

Umefanya kazi nzuri kuliko wateja wengi wanaonilipa. Nikuongezee jambo la kukupa usingizi. Kwetu uvumbuzi lazima uwe mpya duniani kote. Ombi la 2015 likishachapishwa Marekani na muda wa kulifuatisha huku ukapita, miezi 12 kwa njia ya kawaida na 30 kwa PCT, mwenyewe hawezi tena kuja kuiombea Kenya. Mlango umefungwa. Hata hivyo omba upekuzi wa KIPI kwa maandishi kabla ya kuwauzia Nakuru. Karatasi ile uiweke kwenye faili pamoja na madai uliyoyawekea alama, yakiwa na tarehe.

Usichonge jina lao wala namba zao kwenye vyako. Hilo ni kosa jingine kabisa.

Na nimekawia kusema hili, nisamehe: toa ile picha ya mkono wa kulegeza vibanio vyote kwa pamoja. Sijaona kitu kama hicho. Ukiwa ni mpya, unaweza kuuombea cheti cha mfano wa matumizi (utility model), kinacholinda miaka 10 na hakiongezwi, na ni rahisi kukipata kuliko hataza. Kenya inakusamehe ulichokionyesha mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Marekani nao wana mwaka mmoja. Ulaya kwa kawaida hawasamehi hata siku moja.

KerezaNakuru

Nimesoma yote. Lile la matumizi yangu mwenyewe sikulijua, na nimelisema kwa watu wengi. Asante wakili.

VyumaKibuye

Picha nimeitoa. Ilikaa hapa siku nne, tarehe nimeiandika kwenye daftari. Bodi za Ahero nazifanya kwa pini za Mzee kuanzia kesho. Vibanio vya kabari nitatengeneza vinane tu, vya kazi nyembamba zisizo na masikio, bila mfereji. Nakuru nimewaambia wasubiri barua ya KIPI, wamekubali. Binamu nimempigia simu, hakufurahi.

Mzee, sahani ya pini uliizoea unene gani? Yangu ya milimita 16 naona inaimba nikitumia kikata kikubwa.

MzeeWaSpana (Muhoroni)

25, mwanangu. Na uikaze kwenye meza karibu na kila pini, si pembeni tu.