Kundi la WhatsApp limejaa vijana, kikaoni haji mtu. Tufanyeje?

mtu_wa_langoni

Assalamu alaikum wanajamvi. Tuna kundi la vijana wa hapa Amu, mji wa Lamu, wengi wa Langoni na Mkomani, wachache wa Shela. Kukiwa na mechi au uvumi wa siasa, simu hailali. Majuzi tukaitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti. Tangazo nililiweka mapema, vidole gumba vikamiminika. Siku yenyewe ukumbini nikawakuta wazee, akina mama wa vyama na vijana wa kuhesabika, tena baadhi yao walifuata chai na mahamri. Aliyesimama kwa niaba yetu akasema "vijana tunataka ajira", akakaa.

Wazee wa barazani wanasema simu imetumaliza. Sitaki kukubali. Nataka kundi litoe watu wa kusimama na kuuliza hesabu. Tuanzie wapi? Mfadhili hatuna, na bando lenyewe twanunua kwa kubahatisha.

bi_wa_pate

Wa alaikum salaam mwanangu. Mfadhili mwache huko huko aliko.

Tangazo halimtoi mtu nyumbani. Ile hati ya bajeti ni PDF ya kurasa chungu nzima, Kiingereza kitupu, na msomaji ana simu ya kioo kilichopasuka. Huku kwetu kisiwani Pate kila kijana tulimpa jedwali moja tu. Mwenye baba mvuvi alipewa uvuvi, anayesomea uuguzi akapewa afya. Asome, aulize asipoelewa, kisha arekodi ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa lugha ya nyumbani: mwaka jana zilitengwa ngapi, mwaka huu ngapi, na kilichofanywa twakiona wapi.

Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Binti mmoja alisoma kwamba taa za gati zilikwisha kutengenezwa. Magharibi akashuka gatini, akapiga picha mlingoti: nyaya zaning'inia, balbu hakuna, na chini yake mama anashuka botini na mtoto mgongoni, tochi ya simu mdomoni. Akaituma kundini pamoja na ule mstari wa bajeti. Hakutia hata neno moja la matusi. Siku hiyo watu walisahau mpira.

Na huyo binti ukumbini hangesimama, nakwambia. Mbele ya wazee wa kiume wasichana wetu huinamisha macho. Lakini jikoni, mlango umefungwa, walirekodi wakasikika, na waliposikia wanajibiwa kwa heshima wakazoea. Kikao kilichofuata yeye ndiye tuliyemtuma.

Nasema tuliyemtuma, kwa maana hatuji wote. Nauli ya boti si mchezo, na mkondo wa Mkanda, njia yetu ya boti, haupitiki maji yakipwa. Ukikawia, umelala Amu. Kwa hiyo maoni tunayaandika, yanakwenda na mtu mmoja, nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inagongwa muhuri na picha yake inarudi kundini.

Halafu msingoje tangazo. Makadirio ya bajeti sheria inataka yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na wakati huo unga umeshakandwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa mapema zaidi, kufikia 1 Septemba. Miradi huingilia huko.

kijana_malindi

Bi amesema kweli, ila niongeze kidogo. Mwaka 2024 vijana waliuchambua Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakajaa barabarani. Watu wakauawa. Tarehe 26 Juni Rais Ruto akatangaza hatausaini. Nguvu ya simu tumeiona na gharama yake pia. Lakini ule ulikuwa mswada mmoja, wenye adui mmoja. Taa ya gati haina msisimko huo, na kundi hupoa. Mkibadilisha admini kila mwezi wengi watajifunza kuongoza. Akikaa mmoja, atageuka mheshimiwa kabla ya kura.

Mengine mnayo hapo hapo nyumbani. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la mazingira, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wasimulieni wadogo zenu hiyo.

Picha ziwe na tarehe na mahali, tafadhali. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 iliweka adhabu kwa habari za uongo, na skrinshoti haifutiki.

mtu_wa_langoni

Shukran sana Bi, shukran kaka. Na ofisi ikitunyima hizo hesabu? Tulishaambiwa "rudini kesho" hadi tukachoka.

bi_wa_pate

Usirudi kesho, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari, na sheria ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Kiswahili kinakubaliwa, wasikutishe. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Ila haki hiyo ni ya raia, basi barua iwe na jina la mtu na nambari yake, isiwe ya "vijana wa Langoni". Chagueni mwenye shughuli zake Mokowe, ziliko ofisi za kaunti, aweze kupita pale ofisini kila wiki akauliza barua yake imefika meza gani.