Mrejesho: Ziara za nyumbani msimu wa korosho, Tandahimba

Niliuliza hapa namna ya kuwapata nyumbani kina mama wanaoshinda kwenye mikorosho, hasa wenye misukosuko nyumbani. Asanteni wadau. Saa 11 jioni ndiyo yenyewe; asubuhi unakuta kufuli.

Kumbe utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa mtoto nao ulitudanganya: ukikazwa hadi ngozi ikunjamane, mtoto mwenye mkono wa sentimita 11.7 anasoma 11.3, anaandikwa utapiamlo mkali (yaani chini ya 11.5, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59). Sasa tunapima mkono wa kushoto uliolegea, katikati ya bega na kiwiko, mara mbili.

Habari za kipigo haziulizwi mbele ya mama mkwe. Mwombe mama akusindikize hadi njiani. Kwenye daftari weka alama tu, mume asije akasoma.