Kikundi: Ukoo wa Isevya

*Jumamosi*

Hamisi: Wazee, shikamooni. Rejeta mpya ya gari imekaa. Nimefunga mwenyewe chini ya mwembe wa Bibi, spana namba 10, bisibisi na koleo la kubana klipu. [picha]

Baba Mdogo: Marahaba. Ile ya zamani ilikuwa na nini?

Hamisi: Tanki la plastiki la juu lilipata ufa pale mpira mkubwa unapoingia. Halikuwa linamwaga, linatoa jasho tu, pakikauka panaacha ukoko mweupe. Nilikuwa naongeza nusu lita kila asubuhi.

Mwajuma: Fundi Hamisi 😂😂 huku Dar kazi zipo, njoo

Baba Mdogo: Bomba mbili za oili ya gia pale chini uliziziba? Na umeweka maji gani?

Hamisi: Niliziziba, oili iliyomwagika nimerudisha, nikapima kwa stiki. Kulanti ya kupozea injini nusu, maji ya betri nusu. Yale safi ya kuongezea, siyo asidi, nimesoma chupa mara mbili.

Baba Mdogo: Mfuniko je? Usiurudishe ule mchovu. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayoyazuia.

Mama: Hayo maji ya kijani ya zamani umeyamwaga wapi? Kuku wangu wako nje.

Hamisi: Sijamwaga Mama, niliyakinga kwenye beseni.

Mama: Beseni lipi?

Mama: Hamisi. Beseni lipi.

Baba Mdogo: Shemeji, hilo lisirudi jikoni hata likisuguliwa kwa majivu. Kulanti ni tamu, kuku na mbwa wanaifuata, na ni sumu. Hamisi, tia kwenye dumu, funga, andika juu.

*Jumapili*

Hamisi: Jamani gari imechemsha tena.

Shangazi Zaina: Na mimi ndiye shahidi. Treni ya Kigoma imechelewa, nashuka namkuta mtoto kafungua boneti, mvuke tupu. Nikakalia begi langu nikasema Alhamdulillah nimefika nyumbani.

Hamisi: Shangazi pole. Nilikuwa nimesimama pale stesheni na AC wazi, sindano ya joto ikapanda. Nikitembea inashuka yenyewe. Jana nilienda nayo hadi njia ya Nzega, haikusogea kabisa.

Baba Mdogo: Feni inazunguka? Hewa iliyonaswa kwenye maji uliitoa?

Hamisi: Inazunguka. Hewa niliitoa, hita wazi, mpaka mapovu yakaisha.

Baba Mdogo: Piga picha ya pembeni ya rejeta, kushoto na kulia.

Hamisi: [picha] [picha]

Baba Mdogo: Sponji ziko wapi?

Hamisi: Zile nyeusi? Zilikuwa zinapukutika kama mkate uliokauka, nikazifagia. Nilidhani ni za kuzuia kelele.

Baba Mdogo: 🎤 Sikiliza mwanangu. Ukiwa mwendoni upepo wa barabara unasukuma wenyewe, huwezi kujua kasoro. Ukisimama inabaki feni peke yake, nayo inavuta hewa kutoka kokote iliko rahisi. Kupita katikati ya mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba, ni kazi. Pembeni umeiachia mlango wa sentimita moja na nusu kila upande. Basi ile hewa ya moto iliyoko kwenye injini inazunguka pale ubavuni, inarudi mbele, inavutwa tena. Rejeta mpya inapozwa kwa hewa ya jikoni. Jaribu hivi: feni ikiwaka, shika ukanda wa karatasi pale kwenye uwazi wa pembeni. Ukipeperukia mbele, umeshapata jibu.

Hamisi: 😳 Umepeperukia mbele.

Hamisi: Sasa nikate sponji ya godoro?

Mama: Bibi anasema godoro lake lisiguswe.

Baba Mdogo: Bibi yuko sahihi, sponji ya godoro inanyonya maji na kuoza. Kandambili nazo zinalegea kwenye joto. Nenda kwa jirani fundi wa friji, omba ile sponji nyeusi inayovalishwa bomba za AC. Hiyo hainywi maji na joto inalivumilia. Pasua kwa urefu, kata pana kuliko uwazi ili ikae kwa kubanwa. Gundi ya viatu paka upande wa fremu, mapezi usiyaguse. Zunguka pande zote, na usisahau juu, chini ya boneti.

Mwajuma: Kumbe shida yote ni sponji

Hamisi: Kanipa mita mbili bure, anasema nimletee asali.

*Saa 12 jioni*

Hamisi: Dakika 25 imesimama, AC wazi. Sindano iko chini ya nusu, haitikisiki. Karatasi imetulia.

Baba Mdogo: Kesho asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko uangalie kimo. Baridi, nimesema.

Mama: Na ukishaangalia, unipeleke sokoni. Lile beseni lilikuwa la kukandia unga.